Kiingereza cha Edani

Mwezi uliopita nilikuwa jikoni nachuja tui, simu ikaita kwa nambari ndefu nisiyoijua. Niliipokea kwa mkono ulioloa. Akasema mwanamke, sauti ya mtu mzima, akalia, akasema tena, akalia tena. Kilikuwa Kihispania. Nilishika neno moja tu, mama, ambalo kwao na kwetu ni lile lile, na jina langu, Salma, alivyolivuta mwisho wake kama alivyokuwa akilivuta mama yangu mwenyewe. Nilimjibu kwa Kiswahili, nikamjibu kwa Kiingereza, hakuna kilichomfikia. Tukabaki kila mtu analia upande wake, mimi na mama mdogo ambaye sijapata kumwona kwa macho, mpaka simu ikakatika.

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na Kuze nzima, mtaa wetu wa Mombasa, inanijua kwa hilo. Kazi yangu ni ya ofisi ya mawakala wa meli, kutwa naandika barua za Kiingereza, na wakubwa wakitaka barua ya kumkemea mtu bila kumtukana hunitafuta mimi. Lakini Kihispania cha mama yangu mzazi sina hata cha kuombea maji. Miaka yote aliyokuwa kwao tulizungumza Kiingereza kwenye simu, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kikimtoka kidogo kidogo. Kiingereza hicho ni mimi niliyemfundisha, kiasi chake. Sasa amekufa, na liko jambo moja ambalo sikumtajia tena tangu nilipokuwa na miaka kumi na moja, wala yeye hakunitajia. Nalisema leo kwa nyinyi wenzangu wa rika langu, ambao pia mlikuwa watoto katika nyumba zenye watu wazima wengi na milango isiyofungwa vizuri.

Baba yangu alikuwa baharia, fundi wa mitambo katika meli za mizigo. Safari moja kidole tumbo kilimpasukia njiani, wakamshusha katika bandari moja ya Kolombia na meli ikaenda zake. Muuguzi aliyemtazama hospitalini ndiye huyo aliyekuja kuwa mama yangu. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa na namna yake ya kulisimulia hilo kwa wageni: mwanawe alishuka melini na kidole tumbo, akarudi nyumbani na mke. Wageni wakicheka, na Bibi naye akicheka, kisha akimtazama mama kuona kama ameelewa.

Mama alisilimu, akaitwa Maryamu, akaja kukaa katika nyumba ya Bibi. Kiswahili alijifunza jikoni kwa Bibi, na kwa hivyo alikuwa akisema kikongwe. Wasichana wa umri wake walimwamkia, naye akiwajibu kwa maneno ya watu waliokwisha kuzika waume wawili. Walimpenda kwa hilo. Alishika dini kwa bidii ambayo sisi tuliozaliwa nayo hatuna, akiogopa kukosea. Akiona sisi tunaipeleka sala mbele na nyuma kwa uvivu, yeye yuko juu ya mswala dakika ile ile ya adhana. Kitu kilichomkera ni kimoja: alikuwa muuguzi na hafanyi uuguzi. Ili aandikishwe hapa alitakiwa cheti cha Kiingereza, na Kiingereza hakuwa nacho.

Baba, likizo moja, akamtafutia mwalimu. Mwalimu Mutua alikuwa karani wa bandarini aliyestaafu, Mkamba, mtu wa kanisa, anakaa Ganjoni katika fleti ya ghorofa ya tatu. Kila Jumamosi alikuja kwetu na tai shingoni na mkoba wa ngozi. Akikaa ukumbini mlango ukiwa wazi, mama upande wa pili wa meza na buibui lake, mimi baina yao, na Bibi kwenye kiti chake cha kamba na tasbihi mkononi, akihesabu dhikri na kumhesabu Mwalimu. Chai ikija na mahamri, Mwalimu akila mawili, kamwe si matatu, akifuta vidole kwa kitambaa chake. Bibi alimkubali kwa sababu ya hicho kitambaa.

Kiingereza cha vitabuni mama alikipata upesi kuliko tulivyotazamia. Maneno makubwa makubwa, yale ya mahakamani, kwake yalikuwa rahisi kwa kuwa lugha yake inayo karibu na hivyo hivyo. Kilichomshinda ni vitenzi vidogo ambavyo Waingereza huvifungia neno dogo nyuma na maana nzima ikabadilika. Mwalimu Mutua aliviita vitenzi vya mikia. Ukichukua neno la kutazama, look, ukalitia mkia mmoja, umetafuta. Ukalitia mwingine, umelea. Ukalitia wa tatu, umedharau. Sisi Waswahili pia tunatia mikia, lakini yetu imegandana na neno, huwezi kuiacha nyumbani. Mama alisema kwao kila kitu kina neno lake moja kamili, na akauliza kwa nini watu wa kisiwa kile wamekuwa masikini wa maneno hata wanashona viraka. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Lakini hakumwachilia. Alimwambia kwamba mgonjwa aliyelala kitandani hasemi kama hakimu. Mgonjwa hatasema ametapika kwa lile neno la kitabuni. Atasema threw up. Hatasema amezimia, atasema passed out. Muuguzi asiyejua hivyo ataandika kitu kingine kwenye karatasi na mtu atakufa. Mama akaandika. Tangu siku hiyo hakucheka tena na mikia.

Mwaka huo huo baba alikufa. Moyo ulimsimama ndani ya chumba cha mitambo, meli ikiwa mbali, akazikwa huko huko walikotia nanga. Habari ilikuja kwa simu, akaipokea ami yangu, na nyumba ikajaa watu kabla sijaelewa wamejia nini. Nakumbuka harufu ya kahawa chungu na viatu vingi mlangoni. Sikumbuki kulia. Nakumbuka mtu akinisukumia sahani ya wali na kuniambia nile, mtoto yatima ale.

Mama akaingia eda. Kwa asiyejua, mjane wetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Havai cha kupamba, hatii wanja wala manukato, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, na hatoki ila kwa haja ya lazima. Tunamwita kizuka. Mama alipewa chumba cha ndani chenye dirisha la kutazama ujia, akavaa nguo nyeupe, akakaa. Wanawake wa Kuze walikuja kumtazama na wakitoka wakisifu: mgeni huyu anakaa eda kushinda wa kwetu. Bibi akiitikia kwa kujivuna, kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa.

Tatizo likawa Mwalimu Mutua. Ukumbini hawezi kuja tena, kwa simu Bibi hakutaka, alisema sauti nayo ni mtu. Na mtihani mama alikuwa amekwisha jiandikisha. Ndipo ikapatikana njia ambayo mpaka leo nikiwasimulia watu ofisini hawaamini: somo likawa linapita kwangu. Kila Jumamosi asubuhi jirani yetu mwenye tuktuk alinichukua, tukapita Marikiti wachukuzi wakitupigia kelele tuwapishe magunia yao ya vitunguu, tukashuka hadi Ganjoni. Mke wa Mwalimu alikaa nasi akichambua maharagwe. Mwalimu alinifundisha mimi saa mbili nzima kama vile mimi ndiye mama yangu, akanikaririsha, akanitungia mfano wa kila kimoja, akanipa daftari. Nikirudi nyumbani naingia chumba cha ndani, nafunga mlango, nalimwaga somo lote kabla halijapoa.

Wallahi sijapata kuwa na raha kama ile, na nasema hivyo nikijua baba yangu alikuwa hana hata miezi miwili kaburini. Darasani kwangu nilikuwa mtoto wa katikati tu. Mle ndani nilikuwa mwalimu. Viti havikuwepo, nikisimama juu ya kitanda. Vitenzi vya mgonjwa niliviigiza: passed out, naanguka chali juu ya mito, macho yamefumba, ulimi nje; came round, nafumbua jicho moja na kuuliza niko wapi. Mama alijizuia kwa mkono mdomoni, mabega yakimtikisika. Mara moja alishindwa, kicheko kikamtoka chote, na nje ya mlango Bibi akakohoa. Kizuka kucheka si jambo dogo. Tulitazamana, nguo yake nyeupe imejaa nyuzi za pamba ya mto, kisha akaninong'oneza kwa Kiingereza, tuendelee.

Nilimpenda sana mama yangu siku zile. Zamani baba akirudi safari nilikuwa natolewa chumbani na godoro langu. Sasa nilikuwa naye peke yangu, usiku na mchana, na nilikuwa na kitu anachokitaka. Mtoto wa miaka kumi na moja ni mchoyo, msidanganyane.

Basi alasiri moja nilikuwa uani nafua kanga za Bibi, na wageni wawili wa Bibi wamekaa ukumbini wakinywa kahawa. Mmoja akauliza hicho Kiingereza ni cha nini na mume hayupo. Mwenzake akamjibu, kwa sauti ya mtu anayejua mambo, kwamba cheti kile ndicho ruhusa yake: akishakipata hamtamwona tena, atakwenda zake Ulaya kwa wenziwe, na nani wa kumlaumu, kijana bado. Nilingoja Bibi akanushe. Bibi hakusema kitu. Nilisikia kikombe chake kikirudi kwenye sahani.

Hakuna aliyenieleza, wala mimi sikuuliza. Watoto wa nyumba zetu hawaulizi jambo walilolisikia kwa masikio ya wizi, kwani swali lenyewe ni ushahidi. Nikaenda kukitazama kitabu cha Mwalimu kwa jicho jingine. Sura ya mwisho ilikuwa ya safari: kuondoka, kusindikizwa, kuruka, kurudi, kila kimoja na mkia wake, na juu pamechorwa mwanamke na sanduku chini ya ndege. Nilikuwa nimekwisha kumfundisha nusu ya sura ile kwa mikono yangu. Niliona kila Jumamosi niliyokwenda Ganjoni nilikuwa namkatia mama tiketi.

Haya ninayoyajua leo hakuna mtu aliyekuwa ameniambia. Kwamba Ulaya haikuwamo kabisa katika hesabu zake. Kwamba karatasi zake za kukaa Kenya zilikuwa zimesimama juu ya jina la baba, na baba hayupo. Kwamba iko hospitali hapa hapa kisiwani iliyomwahidi kazi na kumwombea kibali kipya, sharti awaletee cheti kabla karatasi zile hazijakwisha. Watu wazima walidhani hayo ni mazito kwa mtoto. Walininyima lililo zito wakaniachia lile la wageni wa kahawa.

Barua ya mtihani ikaja. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, katika ukumbi mmoja huko huko Ganjoni. Mama aliisoma, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Eda yake ilikuwa inakwisha Jumatatu inayofuata mtihani. Siku mbili. Akamwita Bibi, wakazungumza kwa muda, mimi nimekaa pembeni najifanya nasoma. Bibi alisema yeye kwa upande wake anaona eda haina nusu, lakini yeye si mwanachuoni na hataki kuzuia riziki ya mtu, basi aulizwe Maalim. Maalim alikuwa ndiye mwalimu wetu wa madrasa, mzee mpole mwenye kikohozi, na neno lake katika mtaa wetu lilikuwa ndilo la mwisho. Mama hawezi kumwendea. Bibi miguu ilikuwa imemvimba. Mimi nilikuwa nakwenda madrasani kila siku.

Mama alinishika mabega akanikaririsha swali kama nilivyokuwa nikimkaririsha vitenzi. Nilikwenda. Nilingoja wenzangu watoke, nikamsogelea Maalim, nikamweleza vile vile nilivyotumwa, neno kwa neno, bila kukosea. Nilitumaini moyoni kwamba atakataa. Akakohoa, akasema:

"Mwambie mamako aende. Riziki ni haja ya lazima. Aende mchana, arudi alale nyumbani kwake, na Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi. Na mwambie nimefurahi kwamba ameuliza."

Kutoka madrasani mpaka kwetu ni vichochoro vitatu. Nilivipita pole pole. Nilisimama kwa muuza kachri za viazi, nikatazama mafuta yanavyotoa povu, sikununua. Sikupanga kusema uongo, na hilo si utetezi, ni namna ilivyokuwa tu. Mpaka nafika kwenye ngazi nilikuwa bado nalo jibu la Maalim mdomoni lilivyo. Nikafungua mlango wa chumba cha ndani. Mama alikuwa amesimama dirishani, amekwisha niona nikija, na uso wake ulikuwa na matumaini kiasi kwamba niliogopa. Uso ule ulikuwa wa mtu anayekwenda. Nikasema Maalim amesema eda haina nusu.

Nilichukua maneno ya Bibi nikayatia kinywani mwa Maalim, kwa sababu yalikuwa na sauti ya mtu mzima na mimi yangu mwenyewe sikuwa nayo.

Nilitarajia atabisha. Kama angebisha kidogo tu, kama angeniambia rudi ukamuulize tena, ningevunjika pale pale. Mtu mwingine wa Kuze angetuma tena, angetafuta maalim wa pili, angesema dini ni nyepesi, angejiendea zake na kuomba toba baadaye. Mama hakufanya hivyo. Yeye alikuwa mgeni ndani ya dini na kwa mgeni kuuliza mara mbili ni kumtilia shaka mwenyeji. Aliikunja barua katika mikunjo yake ile ile, akaiweka ndani ya msahafu, akasema, "Basi." Kisha akaniuliza nimekula.

Zilibaki siku tisa kabla ya mtihani. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nitamwambia. Kadiri siku zilivyopungua ndivyo uongo ulivyokuwa mkubwa, maana sasa nilikuwa na la kujibu pia kwa nini sikusema jana. Jumamosi ya mwisho ya kwenda kwa Mwalimu nilimwambia mama haji mtihanini, Maalim amekataa. Mwalimu Mutua alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Alisema yeye ni Mkristo na hawezi kusema lolote juu ya hilo. Mkewe aliacha kuchambua maharagwe akanitazama mimi, si mumewe. Nilidhani ameniona mpaka ndani. Huenda alikuwa ananionea huruma tu.

Siku ya mtihani mama alikuwa amekwisha oga tangu alfajiri. Ilipokaribia saa tatu alikaa kitandani, miguu pamoja, mikono juu ya magoti, akaniambia nichukue daftari. Sikuelewa. Akasema, "Niulize."

Nikamuuliza. Vyote, ukurasa baada ya ukurasa, na sauti yangu ilikuwa ikikatika nikijifanya nina mafua. Alijibu kimoja kimoja kwa utulivu, akitunga sentensi kwa kila kimoja, za wagonjwa, za madaktari, za mtu aliyezinduka, za dawa zilizokwisha, za jeraha lililofunga. Sura ya safari nilitaka kuiruka, akanirudisha. Alikosa kimoja katika daftari zima. Tulipomaliza ilikuwa karibu saa tano, na katika ujia mtu alikuwa akipita akiuza samaki. Akasema nimemfundisha vizuri sana. Nilikwenda chooni nikatapika, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na ndoo.

Jumatatu eda ikaisha. Wanawake walikuja mapema. Mama alioshwa, akavishwa leso mpya, akafukizwa udi, akatiwa wanja, na asumini kichwani. Alitoka ukumbini, kila mtu akasimama. Alikuwa amekonda na alikuwa mzuri mno, na nilijiambia, angalia, yuko hapa, hakwenda, ni wangu. Kwa robo saa nilikuwa na furaha ya kweli. Nilipewa sinia la visheti nizungushe.

Bi Rukia, mke wa Maalim, alikuwa amekaa karibu na mama. Alimshika mkono akamwuliza, kwa sauti yake ya upole ambayo ukumbi wote uliisikia, mtihani umekwendaje. Akasema Maalim alirudi nyumbani siku ile akimsifu, kwamba huyu mwanamke mpaka jambo la halali analiulizia, na kwamba Jumamosi asubuhi wote wawili walikaa wakimwombea dua.

Sinia lilikuwa mikononi mwangu. Bibi aliacha tasbihi. Mama alinyanyua macho akanitazama, na hakuwa na haja ya kutafuta. Alijua pa kutazama. Sijui ilichukua muda gani. Mimi nilikuwa tayari kwa lolote, kofi, kelele, aibu mbele ya Kuze nzima.

Mama akamgeukia Bi Rukia akasema, "Niliamka kichwa kinaniuma siku ile, Bi Rukia. Sikujaaliwa."

Wanawake wakasikitika, wakasema ni husuda, wakamwambia ajifukize. Bibi hakusema kitu. Mpaka anakufa sikujua alijua kiasi gani. Nilizungusha visheti mpaka kwa mtu wa mwisho.

Walipoondoka, jua lilikuwa bado kali dirishani. Mama alifunga mlango wa chumba cha ndani. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kwa nini, neno hilo moja, kwa Kiswahili. Nikamwambia watu wamesema akifaulu ataondoka.

Alisema kitu kwa lugha yake, kwa sauti ndogo, si kwangu. Akakaa chini sakafuni pale pale aliposimama, na leso yake mpya, na asumini kichwani.

"Ule mtihani, mwanangu," akasema, "ulikuwa wa kubaki."

Akanieleza yote. Karatasi, hospitali, kibali, siku. Alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu aliyefiwa. Nilimwambia basi afanye mwingine, mimi nitakwenda Ganjoni kila siku, si Jumamosi tu, nitamfundisha usiku na mchana. Akasema mwingine uko baada ya miezi sita. Karatasi zake zilikuwa zimebakiwa na wiki saba.

Watu walihangaika. Mwalimu Mutua alivaa tai yake akazunguka ofisi mbili tatu na barua alizoziandika mwenyewe. Ami yangu alizunguka nyingine. Waliambiwa warudi kesho, wakarudi, mpaka kesho zikaisha. Mama alipoomba kunichukua kwao, ukumbi ulijaa wajomba wa baba na ami zangu, na wote kwa adabu kubwa wakamwambia mtoto wa marehemu haondoki Kuze. Katika ukumbi ule mama hakuwa na mtu wake hata mmoja isipokuwa mimi, na mimi sikuruhusiwa kusema. Na hata ningeruhusiwa ningesema nini. Mama hakuwaambia nilichofanya. Siku zote zile hakumwambia mtu yeyote, wala mimi hakunigombeza, na laiti angenigombeza.

Alichofanya ni kunisuka. Kila siku nikirudi madrasani alikuwa amekaa sakafuni na kitana na mafuta ya nazi, nami najiingiza baina ya magoti yake. Anafumua alizozisuka jana, anachana, anagawa, anasuka upya, mistari ile ile, nywele ambazo hazikuwa na haja ya kusukwa. Kichwa kiliniuma na sikusema. Mikono yake haikuwa na haraka. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano, ya saba.

Wiki ya nane alinisuka Bibi.